Umeachiwa kikundi cha wahumanisti mtaani kwenu? Anza hivi

Kawaida inaanza hivi. Kiongozi wenu amepata kazi mbali, ama amechoka tu, usiku anaandika kwa grupu "wapendwa mimi nimefika mwisho, nani atachukua?", watu kumi na tisa wanasoma, hakuna anayejibu, na kufika saa nne usiku wewe unaandika "naeza jaribu". Asubuhi unaamka ukiwa mwenyekiti. Hivyo ndivyo mimi nilichukua kikundi chetu hapa Nakuru, na nilikikuta kina watu saba wanaokuja kweli, wengine wote majina tu kwa simu.

Naandika hii kwa sababu sikupata mtu wa kuniambia cha kufanya na nikakosea vitu ambavyo viliumiza watu. Kama uko Kenya utaitumia vile ilivyo. Kama uko kwingine, mambo ya sheria angalia ya kwenu, hayo mengine ni ya binadamu popote.

Kwa mwenye anasikia neno hili mara ya kwanza: mhumanisti ni mtu anayeona kwamba wema hauhitaji kuamrishwa kutoka juu, kwamba maisha tuliyo nayo ni haya, kwamba ukweli unatafutwa kwa kuchunguza, na kwamba binadamu mwenzako ndiye wa kwanza kumjali. Kiswahili kimekuwa na neno lake siku zote, utu. Kwenye sensa ya 2019 Wakenya 755,750 waliandikwa hawana dini. Sio wote wahumanisti lakini ni watu wengi, na wengi wao wanadhani wako peke yao hapo mtaani.

1. Kabla hujasema ndiyo, jua unachukua nini

Watu wengi hufikiria unachukua mabishano, kama Mungu yuko ama hayuko, ile stori ya safina na kadhalika. Hapana. Watu huingia na hiyo hasira, wanabishana miezi mitatu, wanapoa, wanapotea. Anayebaki ni yule ambaye mama yake alilazwa na kuna mtu kutoka kwa kikundi alifika wodini na uji kwa themosi. Fikiria jumuiya ndogo ndogo za kanisa, ukifiwa kina mama wanafika na sufuria zao kabla jua lizame, hawakuulizi unaamini kiasi gani. Mtu akitoka kanisani hiyo ndiyo kitu anapoteza, na ndiyo kitu wewe unaombwa umpatie. Kama moyo wako haujaenda huko, kama unataka tu mahali pa kushinda watu kwa hoja, mwachie mwingine, na hakuna ubaya.

Muulize anayetoka maswali matatu bila kuogopa. Kuna deni? Nani ako na laini ya simu ya kikundi na iko kwa jina la nani? Na ni kina nani ambao nyumbani ama kazini hawajui wako na sisi?

2. Makabidhiano yafanywe uso kwa uso

Sisi tulikutana kwa kahoteli nyuma ya steji, chai mbili na chapati. Aliyekuwa kiongozi alitoa daftari la kurasa 96, lile la kifuniko cha bluu, na bahasha ya khaki. Ndani ya bahasha laini ya simu imefungwa kwa karatasi ya sigara na shilingi 4,350. Kwa daftari majina yote yameandikwa kwa penseli, na kando ya majina kumi na moja ameweka nukta ndogo nyekundu. Nikamuuliza nukta ni nini. Akainamisha sauti akaniambia, "Hawa ukiwapigia, kama simu imeshikwa na mtu mwingine, sema wewe ni wa chama cha merry-go-round."

Hizo nukta kumi na moja ndizo zilinifanya nielewe kazi yenyewe.

Sasa hapo mezani usiinuke kabla hujapata: namba za siri za akaunti zote (na uzibadilishe hapo hapo mkiwa wawili), laini ya simu, na siku mtaenda na vitambulisho vyenu wote kubadilisha umiliki wa hiyo laini. Hii usiahirishe, manake laini ikiwa kwa jina la mtu aliyehama, siku ikipotea huwezi kuirudisha na M-Pesa yenu imeenda nayo. Hesabu ya pesa muihesabu pamoja, muandike, mtie sahihi wote wawili, hata kama ni mia tano. Kama mna akaunti ya benki, benki itataka nakala ya kumbukumbu za kikao zinazoonyesha mlichagua nani, kwa hivyo huo uchaguzi ufanywe kweli na uandikwe kweli, si "tumekubaliana kwa WhatsApp".

Alafu muulize kitu ambacho hakiko kwa daftari. Nani amekosana na nani. Nani alikuwa anakuja na akaacha, na kwa nini.

3. Linda majina

Hapa ndipo nilikosea. Mwezi wa pili nikamuongeza kijana mgeni kwa grupu ya WhatsApp bila kumuuliza mtu, nikiwa na furaha tunaongezeka. Kumbe ni binamu ya msichana mmoja wetu aliyekuwa chuo. Akaona namba yake, akapiga skrinishoti, ikafika kwa baba. Baba akasimamisha karo. Yule msichana alikaa nje mihula miwili, na mpaka leo nikimwona nasikia uzito kifuani kwa sababu ni kidole changu kilibonyeza.

Kwa hivyo fanya hivi. Mgeni kwanza akutane na wawili wenu mahali pa wazi, mnywe chai, mjuane. Grupu kubwa iwe ya matangazo tu ambapo watu hawaoni namba za wenzao. Grupu ya maongezi aingie mwenye amekubali mwenyewe namba yake ionekane. Picha za mkutano, uliza kila mtu kila wakati, na ukiambiwa hapana usiulize sababu. Orodha kamili ishikwe na watu wawili, si zaidi. Na hili si la upole tu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka imani ya mtu kwenye data nyeti, sawa na mambo ya afya yake. Siku mtu akisema mfute jina lake, futeni siku hiyo hiyo na mumjulishe.

4. Wiki mbili za kwanza piga simu, usitangaze chochote

Najua una mawazo, unataka nembo mpya, tisheti, ukurasa. Wacha kwanza. Chukua daftari, piga simu kwa kila jina, mmoja mmoja, dakika kumi. Kwa wale wa nukta nyekundu tuma ujumbe mfupi usio na neno lolote la dini, uulize ni saa ngapi wanaweza kuongea. Mzee mwite mzee, mama mwite mama, kikundi cha watu huru hakimaanishi watu wamekosa heshima.

Uliza: ulikujia nini? Nini ilikufanya uache kuja ama ubaki? Ukiwa na shida usiku wa manane ungetaka nani apigiwe? Sikiliza tu na uandike. Mimi nilidhani watu wanataka wasemaji wakubwa na mada nzito. Kati ya watu thelathini na wanne niliowapata, walionitajia mada ni wachache sana. Waliobaki walisema Jumapili inakuwa ndefu. Mama mmoja wa Lanet aliniambia alilelewa kwaya tangu miaka sita na kitu anakosa ni kuimba na watu, hana shida nyingine. Sai tunaimba. Nyimbo za zamani tu, za shule, za mashambani, na yeye ndiye anatupanga sauti.

5. Mkutano wa kwanza

Mahali pale pale, siku ile ile ya mwezi, saa ile ile, na isibadilike hata mkiwa wanne. Sisi ni Jumapili ya kwanza saa nane, manake asubuhi wengine bado wanasindikiza familia kanisani na hatutaki waanze kudanganya. Usifanyie baa. Baa inafukuza wanawake wenye watoto na watu waliopambana na pombe, na inampa jirani stori anayoitaka kuhusu nyinyi.

Nusu saa ya kwanza ni ya hali, kila mtu aseme yukoje, na hakuna anayejibu kwa mahubiri wala kwa kumsahihisha. Alafu jambo moja la kufanya ama kujifunza. Alafu chakula, kila mtu analeta kitu, mwenye hana analeta mikono ya kuosha vyombo. Angalia nani anaongea. Kwetu wanaume watatu walikuwa wanamaliza muda wote wa kuongea, ikabidi niweke kijiti, chenye unashika ndio uongee, ukimaliza unapeana kwa mtu hajaongea. Wanawake walianza kurudi mwezi uliofuata.

Na mtoke nje. Hapa Nakuru tuna bahati. Hyrax Hill iko hapo tu kwa barabara ya Nairobi, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba pale 1937, na kuna mashimo ya bao yamechongwa kwa mwamba na watu ambao hatujui majina yao. Nilipeleka watu kumi na mbili, mzee mmoja fundi wa viatu akapiga magoti, akatia kidole kwa shimo, akaokota kokoto na kuanza kucheza na mtoto wa miaka tisa, akamfundisha hapo hapo. Hakuna mtu aliongea kama dakika tano. Kariandusi, kule karibu na Gilgil, unasimama juu ya mashoka ya mawe ya mamia ya maelfu ya miaka. Menengai unaangalia shimo la volkano na mtu anaelezea mvuke unatoka wapi. Kila mahali kuna kitu kama hiki, Kisumu, Mombasa, Arusha, tafuta cha kwenu. Inafanya kazi ambayo mjadala haufanyi.

6. Pesa

Kidogo, wazi, na isishikwe na wewe. Mwenyekiti asiwe mweka hazina, hata kama mnaaminiana kama pacha. Pesa itoke kwa idhini ya wawili, na taarifa ya M-Pesa isomwe kwa sauti kila mkutano hata ikiwa imesoma sifuri. Sisi tunatoa mia moja kwa mwezi, asiyekuwa nayo hatajwi. Nusu tunaweka kando kwa ugonjwa na msiba na haiguswi kwa kitu kingine chochote.

7. Msiba, hapa ndipo kikundi kinapimwa

Kuna misiba ya aina mbili na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza, mmoja wenu amefiwa, na familia ni ya dini. Nyinyi nendeni. Nendeni kwa matanga jioni, si siku ya mazishi peke yake. Mchango upeleke kwa kamati ya mazishi kama watu wengine, andikisha "marafiki wa fulani" na inatosha. Wakisali, inamisha kichwa ama kaa kimya, hiyo ni heshima kwa wafiwa, haikuondolei kitu. Ukiombwa wewe ufungue na maombi, na utaombwa, usianze kueleza msimamo wako mbele ya mjane. Mimi husema, "Naomba tusimame dakika moja tumkumbuke mzee kimya, kila mtu kwa njia yake." Sijawahi kukataliwa. Alafu ukae na mwenzenu wiki ya pili, wakati tenti zimeondolewa na simu zimenyamaza. Wiki ya pili ndio nzito.

Ya pili ni ngumu, yule aliyekufa ndiye mhumanisti. Sheria inataka kibali cha kuzika, haitaki pasta, lakini mwili ni wa familia na familia itataka pasta. Usipigane kwa mochari. Nimeona kikundi kingine kikijaribu, wakaenda na karatasi ya wosia wakipiga kelele, mama mzazi akaanguka pale, na wote wakafukuzwa mazishini. Kitu cha kufanya kifanywe mtu akiwa hai: kila mwanachama aandike ukurasa mmoja, anataka nini kisomwe, nani asimame, wimbo gani, na awaonyeshe angalau ndugu mmoja anayemwamini. Huyo ndugu ndiye atakayeongea, si nyinyi. Mkifika mseme kwa upole, "Mama, tunaomba dakika tano tu tusome alichoandika." Mara nyingi mtapata hizo dakika tano kati ya kwaya mbili. Zitumieni kumwelezea yeye, alivyokuwa anacheka, nani alimsomesha, alipanda miti gani. Msiseme neno lolote dhidi ya dini siku hiyo.

Na kama hata dakika tano zimekataliwa, mkumbukeni wenyewe siku nyingine. Sisi tulifanya yetu chini ya mgumo, watu tisa, na dada yake marehemu alikuja kimya kimya akakaa nyuma.

8. Harusi na viapo, haraka haraka

Watu watakuuliza. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya kihumanisti haimo. Kwa hivyo wapenzi waende kwa msajili wapate ya kiserikali (notisi ni siku zisizopungua 21, wasije mbio wiki ya mwisho), alafu mfanye sherehe yenu vile wanataka. Kortini ama kwa hati ya kiapo mtu anaweza kuthibitisha kwa dhati bila kushika kitabu chochote, amwambie karani mapema na asiseme kwa ukali.

9. Kuongea na mtaa

Makaburi ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa wakifunga kula, yalipofukuliwa 2023 na miili ikapita 400, watu wangu walitaka tutoe tangazo kali kuhusu dini yote. Nikasema tungoje. Jirani zetu walikuwa wanalia, wengine ni watu wa kanisa ambao walikuwa wa kwanza kusema yule mhubiri ni muuaji. Tukafanya kitu kidogo: tukaita wazazi wa ploti yetu, wa dini zote, tukaongea vile mtu anavutwa polepole hadi anaacha kumpeleka mtoto hospitali. Pasta wa jirani alikuja na viti vyake vya plastiki. Mpaka leo tunaazima hivyo viti.

Kuna mambo lazima mseme, na mseme bila kupunguza, kama wazee kuuawa kwa kuitwa wachawi, vile kina mama wanne walivyochomwa kule Kisii 2021. Hapo simameni na ushahidi, na wakili ikiwezekana. Lakini kudhihaki sala ya mtu, hapana. Ukiwa kiongozi, mzaha wa mwanachama mmoja unahesabiwa kwa nyinyi wote, na anayeulipia ni yule wa nukta nyekundu.

10. Usajili

Mkiwa chini ya kumi, kutaneni tu kama marafiki, sheria ya vyama inaanzia watu kumi. Mkifika kumi na mnataka akaunti na misaada, jisajilini, mkiwa na katiba fupi, kumbukumbu za kikao, na vitambulisho vya viongozi. Mjue inaweza kuwa na mawimbi. Atheists in Kenya, chama cha wasioamini Mungu, ilipata cheti Februari 2016, na kabla mwaka ufike katikati Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili baada ya malalamiko. Hawakufa. Katiba ya 2010 ibara ya 32 inalinda dhamiri, dini, imani na maoni, na ya 36 inalinda kujumuika, muwe na nakala yake kwa daftari. Ila wale majina yao yanaingia kwa fomu wawe wale ambao hawana cha kupoteza nyumbani. Usimsukume mtu.

Mkisimama vizuri, kuna Humanists International, ambayo ilianza Amsterdam 1952 na inaunganisha vikundi vya nchi nyingi. Azimio lao la Amsterdam, linaloeleza uhumanisti ni nini, lilisahihishwa 2022, ni fupi, lisomeni pamoja na mjaribu kulitafsiri kwa Kiswahili cha kwenu, sisi ilituchukua mikutano mitatu na tulijifunza zaidi ya mwaka mzima wa mabishano.

11. Mwanaume anayewinda

Nasema kwa ufupi kwa sababu halina pande mbili. Atakuja mtu, mara nyingi ana maneno matamu kuhusu uhuru, na atawaandikia wasichana wadogo usiku. Wasichana waliofukuzwa nyumbani ndio rahisi kuwafikia. Ukisikia kwa mmoja, mwamini, msimamishe mwanaume siku hiyo, na kama ni kosa la jinai mpeleke msichana kituoni, na uende naye wewe ama mwanamke anayemchagua yeye. Kikundi kinaweza kupoteza mwanachama mwenye pesa. Kipoteze.

12. Weka tarehe ya kutoka

Siku unayoingia andika kwa ukurasa wa kwanza wa daftari siku utakayotoka. Yetu ni miaka miwili, na makabidhiano ni Juni 21, siku ya uhumanisti duniani. Tafuta wawili wa kukusaidia kuanzia mwezi wako wa tatu, mmoja akiwa mwanamke, mmoja akiwa chini ya miaka thelathini, na uwape kazi za kweli, waende hospitali bila wewe, waongoze mkutano ukiwa umekaa nyuma na mdomo umefunga.

Mimi natoka Juni hii. Daftari limejaa, nimenunua lingine, la kurasa 200, na jana usiku nilikuwa nahamisha majina kwa penseli. Nukta nyekundu zimebaki nne.